Jiwe la Kijani Kwenye Kisima cha Mama

Mume wangu amechimba visima arobaini na vitatu kwa mkono. Vile arobaini na viwili vya kwanza sina la kusema juu yake: vilitoa maji, watu wakashukuru, basi. Ni hiki cha arobaini na tatu, alichomchimbia mama yangu mzazi, kilichotuweka roho juu siku tisa. Hadi leo nikikumbuka nashika kifua kwanza, ndipo nacheka.

Watu wanamwita Fuko. Mwanzoni lilinikera, maana nani anataka kuitwa mke wa Fuko? Lakini jina likishashika halibanduki. Na ukweli usemwe, linamfaa. Ni mfupi, mwembamba, mikono imemzidi mwili, na akiingia chumba cha mtu haangalii ukuta wala picha, anaangalia sakafu. Siku ya harusi yetu aligonga kisigino mara mbili, akamwinamia mjomba wangu na kumwambia kwamba chini ya ukumbi ule kuna uwazi. Mjomba akadhani bwana harusi amelewa.

Nyumbani juu ya cherehani yangu kuna rafu, na kwenye rafu kuna jiwe moja kutoka kila kisima, limepakwa namba kwa rangi nyeupe. Mimi nashona nguo za watu, vumbi la mawe linaniangukia kwenye kola na mikono ya mashati, nikilalamika ananiambia, "Mke wangu, hiyo ndiyo elimu yangu, mimi sina cheti kingine." Sasa utamjibu nini mtu kama huyo? Unakung'uta shati unaendelea.

Mama yangu na Fuko hawakuwa na ugomvi, ila urafiki pia haukuwepo. Nilipompeleka nyumbani mara ya kwanza, Mama alisubiri aondoke, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wanaume wote hawa walioko juu ya ardhi hukuwaona?" Kwa miaka kumi na moja alimkaribisha vizuri, akamlisha vizuri, na akazungumza naye habari za jua na mvua tu. Fuko naye alikuwa akifika kwa mkwewe anakaa ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu.

Bomba la mtaa wa Mama lilipokauka miezi mitano mfululizo, Fuko akaenda mwenyewe akamwambia, "Mama, niruhusu nikuchimbie kisima uani." Mama akatazama ua wake uliofagiwa, akapumua, akasema, "Haya, baba. Kama umeamua kuuharibu, uharibu."

Wa kuvuta kamba alikuwa kaka yangu, anayeishi pale pale kwa Mama na mkewe na mtoto wao mchanga. Kaka tunamwita Winchi kwa sababu ya mabega yake. Nguvu anazo, mdomo ndio umemzidi nguvu. Fuko chini na mtaimbo na patasi, Winchi juu na ndoo, siku nzima wanatupiana maneno kupitia shimo.

Walipofika mita ya tisa, udongo ukaisha wakakutana na mwamba. Fuko akaanza kugonga, na mara akasikia harufu ya kitunguu saumu. Harufu kali, kama mtu ametwanga vichwa vitatu kwa mpigo. Akapaza sauti, "Shemeji! Chakula tayari?" Winchi akauliza jikoni, Mama akajibu kwamba hata moto hajawasha. Fuko akasema basi ni kwa jirani. Siku mbili nzima kila akigonga mwamba ule anasikia kitunguu saumu, na siku mbili nzima anawasifu majirani kwamba wanajua kupika. Ndilo kosa la mtu wa shimoni: yeye akiwa kule chini, kila kitu anadhani kimetoka juu. Mtu mwingine yeyote angenusa jiwe. Yeye alinusa na kutamani mchuzi.

Ndani ya ufa wa mwamba huo ndimo alimolikuta lile jiwe. Ukuta mkavu, na juu yake kumeganda chembe za kijani chenye umanjano, ndogo, zinametameta, zimesongamana kama sukari iliyoshika unyevu. Hajawahi kuona kitu kizuri namna ile shimoni. Akabandua kipande cha ukubwa wa ngumi, akakitia mfukoni, akaendelea na kazi. Mita ya kumi na saba maji yakatoka, meupe, baridi, matamu. Mtaa mzima ulikuja kuonja. Hata Mama alisema, "Yanafaa," na kwa Mama hiyo ni hotuba.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja Winchi amekuja kwangu kushonewa suruali, Fuko naye yupo, akainua macho kwenye rafu akaliona lile jiwe, namba 43. Loo! Suruali ikasahaulika.

"Dada, hili ni zumaridi."

"Zumaridi la wapi, wewe? Kaa chini nikupime kiuno."

"Nakwambia ni zumaridi! Kijani hicho unakiona? Shemeji, umekalia utajiri huku unavaa viatu vimetoboka!"

Kabla sijamzuia amevunja kipande akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya ndimu, eti king'ae. Tulipokuja kukitazama baadaye, zile ncha kali zilikuwa zimeliwa, chembe zimekuwa butu, na ndimu imechafuka. Winchi akakuna kichwa. Fuko akakitazama kile kipande, na niliona limemkera, maana jiwe la kweli haliliwi na ndimu. Akasema, "Kesho twende tukaulize wanaojua."

Ofisi ya madini ni chumba kirefu chenye meza moja ndefu zaidi, na juu yake trei za mawe, kila jiwe na kijikaratasi chake. Mtaalamu ni mama wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na nyingine ya kukuzia imening'inia shingoni. Humo ndani wenzake wanamwita Mama Mawe, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Alilipokea jiwe bila haraka, akalipima uzito mkononi, akachukua kisu kidogo akalikwaruza. Ncha ikaingia.

"Zumaridi lingekula kisu changu," akamwambia Winchi. "Hili kisu kimelila. Pole."

Kisha akatuingiza kwenye stoo, akafunga mlango, na gizani akawasha taa ndogo ya zambarau. Mama yangu wee! Jiwe likawaka. Si kung'aa kwa kumulikwa, ni kuwaka lenyewe, kijani kibichi, hadi nikaona meno ya Winchi. Naye akanishika mkono kwa nguvu, "Dada, tumetajirika!" Mama Mawe akazima ile taa, akafungua mlango, na sura yake haikuwa ya mtu anayetoa pongezi.

"Limetoka wapi?"

"Kisimani," Fuko akajibu. "Mita ya tisa."

"Ulipogonga mwamba, ulisikia harufu yoyote?"

Nilimtazama mume wangu. Rangi ilimtoka pole pole, kuanzia midomo. Nafikiri alielewa kabla ya kuambiwa. "Kitunguu saumu," akasema. "Nilidhani ni jirani anapika."

Mama Mawe akavuta kiti, akatukalisha, akatueleza kama anavyoeleza mtu mzima kwa watu wazima, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho. Jiwe linaitwa adamaiti, akasema, na ni adimu. Yeye ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo na hii ilikuwa mara yake ya pili kulikuta likiwa limetoka ardhini moja kwa moja. Ndani ya mwamba kama ule kuna madini ya rangi ya fedha yaliyobeba sumu iitwayo aseniki, na hayo ukiyagonga hutoa harufu ile ya kitunguu saumu. Maelfu ya miaka mvua inapenya kwenye nyufa, hewa inaifuata, na madini yale yanaoza kama msumari unavyoshika kutu. Yakishaoza, aseniki inatoka na kuanza kutembea na maji. Ikipita penye zinki, hushikana nayo. Maji yakikauka, wawili hao wanabaki ukutani wameganda pamoja, na ndiyo zile chembe za kijani. Hazipatikani ovyo kwa sababu lazima aseniki iwepo, zinki iwepo, hewa iwepo, na maji yawe kidogo, si mengi. Kimoja kikikosekana hupati kitu.

"Kwa hiyo hili unaloliona ni sumu iliyokamatwa," akasema. "Maji ya kawaida hayaitoi kirahisi. Ndimu inaitoa, kama mlivyojionea, na kile kikombe mkakitupe, msikioshe. Lakini mimi swali langu si la iliyokamatwa. Ni la ile ambayo haikukamatwa. Mnayanywa maji ya kisima hicho?"

Winchi akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Mwanangu ana miezi saba. Uji wake tunaupikia maji hayo."

Tukarudi kuchota. Mama Mawe alitupa chupa zake maalumu, akatuonyesha namna ya kuzijaza, akasema majibu siku tisa, maana kipimo kiko mbali. Hadi hapo mtu asinywe, asipikie. Kuoga na kufua si neno.

Fuko alikwenda mwenyewe kumwambia Mama. Nilisimama kando yake. Akamweleza yote, mita ya tisa, harufu, ujinga wake wa kudhani ni chakula, hakujificha hata kidogo. Mama alisikiliza mpaka mwisho mikono ameifumbata. Akasema, "Haya. Tumesikia," akaingia ndani. Mimi nikajisemea moyoni, hapo ndoa yangu imerudi nyuma miaka kumi na moja.

Fuko akafunika kisima kwa mbao, Winchi akaleta maji ya gari kwenye madumu, na tukaanza kuhesabu siku. Jamani, siku tisa! Bora uambiwe tisini ujue ni mbali. Mume wangu hakula. Namwekea chakula, anakizungusha na kijiko, anainuka. Mama Mawe alikuwa ametaja kwamba anayekunywa maji mabaya kwa miaka hutokwa na vidutu vigumu viganjani, basi huyu bwana akawa kila baada ya dakika tano ameshika mikono yake anaikagua. Mtu ameshika mtaimbo tangu ujana, viganja ni sugu tupu, leo ndiyo anazigundua! Nikamwambia, "Wewe Fuko, hivyo vidutu vina umri mkubwa kuliko ndoa yetu." Hakucheka. Akanitazama akasema, "Nimewapa sumu, mke wangu. Nimeingia kwa mama yako kwa heshima zote, nikampa sumu kwa kikombe." Nikaenda chumbani nikalia peke yangu.

Siku ya nne mtoto wa Winchi akatokwa na vipele shingoni. Tulikimbia naye zahanati watu wazima wanne, kila mmoja anamsukuma mwenzake mlangoni kama nyumba inaungua. Nesi akamgeuza mtoto huku na huku, akatutazama sisi, akamtazama tena mtoto. "Nani kamvalisha sweta na jua hili?" Ilikuwa ni joto. Joto tu! Shemeji yangu, mama wa mtoto, alikaa kwenye benchi akacheka hadi machozi, nami nikacheka naye, na wagonjwa wengine wakasogea mbali nasi.

Habari hazina mguu lakini zinafika. Siku ya tano mteja wa Fuko upande wa sokoni akatuma ujumbe kwamba kisima chake kisubiri kidogo. Siku ya sita mwingine akasema mkewe hataki tena. Mtu ana kazi moja duniani, hiyo hiyo, na jina lake ndilo cheti chake; likichafuka ataenda kuchimba wapi? Fuko hakuwalaumu. Alisema hata yeye asingejiita.

Siku ya tisa tulikwenda sote, isipokuwa Mama na mkwe wake mwenye mtoto. Mama Mawe alikuwa ameishika bahasha. Akaishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akasoma kimya kwanza, na mimi nikaona huyu mwanamke ama ni katili ama ni makini, na kwa sekunde zile sikujua ni lipi.

"Kiwango kinachoruhusiwa ni kumi," akasema. "Yenu ni tatu."

"Tatu," Fuko akarudia.

"Tatu."

"Si thelathini?"

"Baba, tatu. Mara zote mbili, chupa zote mbili. Maji ni salama."

Winchi alipiga ukelele ambao nadhani ulitikisa trei zote, akamkumbatia Mama Mawe akamwinua kutoka chini, mama wa watu na miwani yake miwili. Mimi nikakaa. Nilihisi mwili mzima unalegea, tangu shingoni hadi vidoleni, kama nilikuwa nimebeba dumu kichwani siku tisa na sasa mtu amenipokea. Fuko yeye alitaka kujua kwa nini. Ndivyo alivyo. Mama Mawe aliposhushwa chini akamweleza: jiwe lile lilikaa juu, kwenye ufa mkavu, maji yake yanatoka chini zaidi, kwenye tabaka la mchanga wenye kutu nyekundu, na kutu hiyo hunasa aseniki kidogo iliyopo kabla haijafika. Azibe mita ya nane hadi ya kumi kwa pete za zege, vifusi vya mwamba ule vizikwe mbali, na kila baada ya masika alete chupa ipimwe. "Na safari ijayo ukinusa kitunguu saumu shimoni," akamalizia, "panda juu unipigie simu."

Tulifika kwa Mama mchana. Ua umefagiwa, majirani wawili watatu wamekaa kivulini, na mmoja wao ni yule wa nyumba ya tatu ambaye Fuko alikuwa amchimbie baada ya mwezi. Fuko akasimama katikati, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama, majibu yametoka. Maji ni salama."

"Alhamdulillahi," Mama akasema kutoka mlangoni.

Jirani wa nyumba ya tatu akacheka. "Mbona sisi tulikwishajua? Bibi anayanywa kila asubuhi hapa hapa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamgeukia Winchi. Winchi akatazama angani.

"Wewe! Ulijua?"

"Aliniambia nikifungua mdomo nihame na mke wangu," Winchi akasema. "Ningefanyaje?"

Hapo nikawaka. Sikujali majirani. Nikamwambia Mama maneno ambayo mtoto hatakiwi kumwambia mzazi wake, kwamba ana wazimu, kwamba tumekaa siku tisa tunaomba asife, kumbe yeye ananawa uso asubuhi na kwenda kunywa sumu mbele za watu. Mama aliniacha nimalize. Akatoka mlangoni, akaja polepole mpaka alipokuwa Fuko, na akazungumza naye yeye, si mimi.

"Mjukuu wangu sikumpa hata tone," akasema. "Wala mtu mwingine. Kikombe kimoja, asubuhi, mimi peke yangu, hapa uani. Mimi nina miaka sabini na miwili, baba. Wewe una kazi ya kufanya bado. Ningeacha kunywa mimi mama mkwe wako, nani mwingine katika mji huu angekunywa maji yako?"

Fuko akachuchumaa pale pale kando ya kisima, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, na Mama akamwekea mkono begani akauacha hapo mpaka alipomaliza.